Hifadhi, Ghala na Akiba: Uhakiki wa Maneno ya Diski za Nje

Istilahi hupimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuitazama katika orodha, kando ya neno la kigeni ambalo imekusudiwa kulifasiri. Njia ya pili ni kuitia kazini, na kuona kama mtu aliyepewa neno hilo aweza kutenda jambo lenyewe bila kukosea. Wataalamu wa lugha wamezoea zaidi njia ya kwanza, maana ni rahisi na huweza kufanywa mezani. Makala haya yafuata ile ya pili. Yachukua kazi moja, yaani kujitengenezea ghala la nje la data kwa ajili ya kompyuta ya kazi, na kwa kazi hiyo yapima maneno ambayo Kiswahili chayatumia juu ya kuweka data na kuilinda.

Mahali palipochaguliwa kwa kipimo hiki ni Njombe na Makambako. Makambako ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapokutana na barabara ya Njombe na Songea, na hapo hapo ipo stesheni ya reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976. Vitu vingi viendavyo kusini hupita hapo, na vitu vinapopita, majina yake hupita navyo. Njombe iko umbali wa kilometa 60 hivi kutoka hapo, na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa. Katika miji ya namna hii kompyuta si chombo cha wachache tena: yumo karani wa ofisi, mpiga picha za arusi, mwenye duka la kuchapa barua, mwalimu wa kwaya anayerekodi nyimbo, na mtafiti aliyekuja kukusanya simulizi za Kibena, Kipangwa au Kikinga. Wote hawa hufikia siku ambayo diski iliyomo ndani ya kompyuta imejaa, na hapo ndipo haja ya ghala la nje huanza.

Kabla ya kuyahukumu maneno, yafaa kukumbuka jinsi yalivyozaliwa. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilikataza kompyuta kuingizwa nchini, na miaka mingi ilipita kabla ya katazo hilo kulegezwa. Basi katika kipindi ambacho Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilikuwa likitoa orodha zake za Tafsiri Sanifu, chombo hiki hakikuwamo mikononi mwa watu, na wasemaji hawakupata nafasi ya kukizoea na kukipa majina polepole. Maneno yalikuja baadaye, tena kwa haraka. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Na makampuni makubwa ya Marekani, kama Microsoft na Google, nayo yalitafsiri programu zao. Kazi hizo zastahili sifa, kwa kuwa zilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kukaa juu ya kioo cha kompyuta bila haya. Lakini wafasiri walifanya kazi neno kwa neno, kila neno na kitufe chake, na ni nadra kitufe kumwonyesha mfasiri kazi nzima.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mjenzi hutafuta diski, na diski za kuzunguka ni za namna mbili: kubwa ya inchi 3.5 na ndogo ya inchi 2.5. Hutafuta kasha la kuitia, lenye kibao cha umeme ambacho upande mmoja hupokea meno ya diski na upande wa pili hutoa waya wa USB. Diski ndogo huhitaji umeme wa volti 5 tu, na mara nyingi huupata kwa waya ule ule wa USB. Kwa kawaida tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Diski kubwa huhitaji volti 5 pamoja na volti 12, na kwa sababu hiyo haiwezi kuishi kwa waya wa USB peke yake. Lazima iwe na adapta yake. Akitaka diski mbili au nne katika kasha moja, hapana budi aongeze feni, na aamue kama diski hizo zitafanya kazi kila moja peke yake au zote kama safu moja. Mwisho huiandaa diski ili kompyuta iitambue, ndipo aanze kuitia data. Hata mwinuko wa Njombe, unaokaribia mita 2,000, haumzuii. Kichwa cha kusomea katika diski huelea juu ya hewa nyembamba, na watengenezaji wengi hukubali diski itumike mpaka mita 3,000 hivi.

Katika kazi hiyo yote mjenzi atakutana na neno moja kila anapogeuka: *hifadhi*. Kitufe cha kuandika waraka katika diski kimeandikwa *hifadhi*. Mahali pa kuwekea data paitwa *hifadhi*, na nafasi iliyobaki ni *nafasi ya hifadhi*. Ghala la Google lililo mbali, linalofikiwa kwa intaneti, laitwa *Hifadhi ya Google*. Kutoa nakala ya pili kwa tahadhari nako kwaitwa *kuhifadhi nakala*. Hivyo neno moja limetwishwa mambo manne: tendo la kuandika, mahali pa kuweka, huduma itoayo mahali hapo, na kinga dhidi ya hasara. Mtu akijaribu kuandika maagizo kwa maneno hayo, atapata sentensi ya namna hii: "Hifadhi data katika hifadhi ya nje ili kuhifadhi nakala ya hifadhi." Sarufi yake haina kosa, walakini hakuna fundi awezaye kuifuata.

Wingi wa maana si kosa la pekee. Kosa kubwa zaidi ni ahadi iliyomo ndani ya neno. *Hifadhi* lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba daima maana ya ulinzi. Mungu huombwa amhifadhi msafiri. Mwanafunzi huhifadhi Kurani, yaani huiweka moyoni isipotee. Katika mkoa huu wa Njombe, upande wa Makete, imo sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005. Maua yake yana askari na sheria. Makambako penyewe pana maghala na vihenge vya kisasa vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na mahindi yaliyomo yana mlinzi, yana dawa ya wadudu, na yana mtu wa kuyakagua. Katika matumizi haya yote, kinachohifadhiwa kina mwenye kukilinda. Lakini mtu akibonyeza *hifadhi* katika kompyuta, hapana lolote linalolindwa. Data imeandikwa mahali pamoja tu, katika chombo ambacho chaweza kuanguka, kuungua, kuibiwa, au kuchakaa chenyewe. Msemaji wa Kiswahili asemaye "nimeshahifadhi" huondoka na moyo mtulivu kwa sababu lugha yake imemwambia kuwa mali yake imo chini ya ulinzi. Mashine haikumwambia hivyo.

Itajibiwa kwamba hata Kiingereza hutumia neno lenye maana ya kuokoa kwa tendo hilo hilo, na kwamba Kiarabu chenyewe kimeandika katika vitufe vyake neno la shina lile lile la *hifadhi*. Ni kweli. Lakini Kiarabu, kilipofika kwenye nakala ya tahadhari, kiliacha shina hilo na kuiita nakala ya *ihtiyati*, yaani ya kujihadhari. Na Kiingereza nacho kina maneno matatu mbalimbali ya kuandika, kuweka na kutoa nakala ya tahadhari. Kasoro ya Kiswahili cha kompyuta ni kulitumia neno la ulinzi kila mahali, hata likaisha nguvu pale ambapo ulinzi wahitajika kweli.

Neno la pili ni *kumbukumbu*. Hili limepewa kile chombo cha ndani ambacho kompyuta hukitumia inapofanya kazi, nacho husahau kila kitu umeme unapokatika. Ajabu ni kwamba katika Kiswahili cha siku zote *kumbukumbu* ni kinyume cha kusahau: kumbukumbu za mkutano huandikwa ili zisomwe miaka kumi baadaye, na nchi ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kwa ajili hiyo. Tena kadi ndogo ya simu huitwa na watu *memori kadi*, nayo ni ghala, haisahau. Basi mteja anapoambiwa dukani kwamba kompyuta yake "imeishiwa kumbukumbu," hajui kama anunue diski ya nje au kibao cha ndani, na huenda akanunua kisichomfaa. Neno hili limeshakaa vitabuni na si rahisi kuling'oa. Yatosha waandishi waseme *kumbukumbu ya kazi* wanapotaja ile isahauyo, na wasilitumie kabisa kwa diski.

Juu ya *diski* hapana ugomvi. Ni neno la mkopo lililovaa sauti za Kiswahili, na kila fundi alijua. Lenye mashaka ni *kiendeshi*, lililotungwa kufasiri jina la Kiingereza la chombo kinachozungusha diski. Katika Kiingereza jina hilo lilikuwa na sababu: zamani diski ilikuwa kitu cha kutolewa, na mashine ya kuizungusha ilikuwa kitu kingine. Katika mtambo wa IBM wa mwaka 1956, ulio wa kwanza wa namna yake, mabamba 50 yenye upana wa inchi 24 yalizungushwa na mota kubwa, nao uliweza kuweka herufi milioni 5 tu. Leo bamba na mota vimefungwa katika kisanduku kimoja, na kuna maghala mapya yasiyo na kitu chochote kinachozunguka. Kufasiri *kiendeshi* ni kuchukua historia ya Kiingereza na kuifanya mzigo wa Kiswahili, ambacho hakikuipitia. Zaidi ya hayo, neno hilo hilo hutumika pia kwa programu iwezeshayo kompyuta kukitambua kifaa, na mjenzi wa ghala la nje huhitaji vitu hivyo viwili katika saa moja. *Diski* latosha kwa chombo, na *ghala* kwa kazi yake.

Jambo lenye hatari kuliko yote liko katika jina la nakala ya tahadhari. Hapa yapo maneno mawili yanayoshindana, *chelezo* na *nakala rudufu*. *Chelezo* ni neno zuri la pwani: ni kitu kielelacho, na mwenye kulichagua bila shaka aliona kwamba chombo kikizama, chelezo hubaki juu. Taswira hiyo yafaa sana. Lakini haifunguki kwa msikilizaji asiyeishi na nyavu na maji. Wavuvi wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa huenda wakaipokea, ila mkulima wa Makambako ataliona neno geni kama lile la Kiingereza, na atachagua la Kiingereza kwa kuwa ndilo limeandikwa juu ya boksi.

*Nakala rudufu* laeleweka zaidi, lakini kosa lake ni la ndani. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi diski nyingi za bei nafuu ziwezavyo kuungwa zikawa safu moja, mpango ujulikanao kwa herufi RAID. Katika namna moja ya safu hiyo diski mbili huandikwa mambo yale yale kwa wakati mmoja. Diski moja ikifa, ya pili huendelea. Huo ndio urudufu halisi, na Kiswahili hakina neno bora kwa jambo hilo kuliko *rudufu*. Lakini urudufu huo si nakala ya tahadhari. Mtu akifuta waraka kwa makosa, unafutika katika diski zote mbili papo hapo. Virusi vikiharibu, vinaharibu zote mbili. Radi ikipiga au mwizi akichukua kasha, zote zimekwenda pamoja. Na katika namna nyingine ya safu, ile ya kuongeza kasi tu, hakuna urudufu wowote: diski moja ikifa, data yote imepotea. Mjenzi aliyesoma kwamba tahadhari yaitwa *nakala rudufu*, kisha akaunga diski mbili rudufu katika kasha lake, atakuwa na haki ya kuamini kwamba amekwisha jihadhari. Istilahi ndiyo iliyompoteza.

Neno lifaalo lipo, nalo halihitaji kutungwa: *akiba*. Kila nyumba ya mkulima huijua tofauti iliyomo. Mahindi ya kula huwekwa ghalani. Mbegu ya msimu ujao hutengwa, aghalabu ikatundikwa juu ya moto wa jikoni ili moshi uikinge na wadudu. Mwenye kuweka chakula na mbegu katika kihenge kimoja haitwi mwenye akiba, hata kama kihenge chake ni kikubwa. *Nakala ya akiba* hubeba maana hiyo nzima: kwamba imetengwa, kwamba haiguswi kila siku, na kwamba haikai mahali pamoja na ile ya matumizi. Kwa maneno hayo, sentensi iliyoshindikana hapo juu huandikwa hivi: "Weka data katika ghala la nje, kisha toa nakala ya akiba, uitie katika diski nyingine, na diski hiyo uiweke nyumba nyingine." Mtu aliyeko Makambako akiisoma, aweza kutenda. Tena akiwa na ndugu Njombe, amekwisha jua pa kuipeleka.

Limebaki suala la vipimo. Mnunuzi wa diski iliyoandikwa terabaiti 1 huiunganisha na kompyuta ya Windows, naye huonyeshwa gigabaiti 931, akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Mtengenezaji amehesabu kwa elfu, na kompyuta imehesabu kwa 1,024, kisha vyote viwili vikaitwa jina moja. Mwaka 1998 majina mengine yalitolewa kimataifa ili kutenganisha hesabu hizo, lakini hayajaenea madukani, na kuyaingiza katika Kiswahili kungeongeza giza. Mkulima wa viazi wa Njombe ana njia fupi zaidi ya kulielewa jambo hili, maana anajua kwamba gunia na gunia la lumbesa si kitu kimoja ijapokuwa yote mawili huitwa gunia. Kompyuta hupima kwa lumbesa. Kipimo chake cha terabaiti kimezidi cha mtengenezaji kwa karibu asilimia 10. Mwalimu akisema hivyo mara moja, hatahitaji kusema tena.

Vivyo hivyo kwa *biti* na *baiti*, maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyakopa bila kuyatofautisha vya kutosha kwa sikio. Waya wa USB 2.0 una kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, nazo ni megabaiti 60, na kwa vitendo hushuka mpaka nusu yake. Kwa kasi ya megabaiti 30, kujaza terabaiti moja huchukua zaidi ya saa 9. Aliyesoma *megabaiti* mahali pa *megabiti* atatazamia kumaliza kabla hajanywa chai, na umeme ukikatika katikati ya kazi, atachomoa waya wakati usiofaa. Herufi moja tu ndiyo iliyomdanganya. Hivyo yapasa mwandishi wa maagizo asiache neno *biti* peke yake, bali afuatishe hesabu yake kwa baiti.

Katika uhakiki huu hapana shauri la kufukuza maneno ya mkopo. *Diski*, *adapta*, *feni*, *waya*, *flashi* na *programu* yamekwisha kuwa Kiswahili kwa haki ya matumizi, kama *kompyuta* lenyewe lilivyoshinda nchini Tanzania dhidi ya *ngamizi* na *tarakilishi*. Neno la mkopo la jina la kitu halidhuru, kwa kuwa kitu chenyewe kipo mezani na mtu hukiona. Lidhurulo ni neno la asili lililopewa tendo lisiloonekana, likaahidi lisichoweza kutimiza. Kuweka, kulinda na kutenga ni matendo matatu ambayo Kiswahili kilikuwa kimeyapa majina matatu tangu zamani, na wafasiri wa kompyuta ndio walioyarudisha chini ya neno moja.

Wala hasara yake si ya mafundi peke yao. Sauti za wazee wanaosimulia kwa Kibena, Kipangwa au Kikinga zimekuwa zikirekodiwa kwa mashine za data, na mtafiti huzibeba kutoka kijijini katika diski moja ya nje. Baadhi ya wazee hao hawatapatikana kusimulia mara ya pili. Mwanafunzi wa lugha hupewa orodha ya vifaa na hufundishwa namna ya kuuliza maswali. Naye afundishwe pia kwamba kilichohifadhiwa hakina akiba mpaka akiba itolewe. Orodha za istilahi zijazo zikilitenga neno *akiba* kwa kazi hiyo, na kuliachia *hifadhi* ulinzi wake wa zamani, mwanafunzi huyo atayasikia mafunzo hayo ndani ya lugha yenyewe, kabla ya diski kumfundisha.